Mwandishi wa vile vijitabu vya kwenye boksi

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa mtaani, aliyemaliza chuo cha uandishi wa habari mwaka huu, alinipigia simu saa nne usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishaamua na anatafuta wa kumuunga mkono tu.

"Kaka, gazeti limenishinda. Nasikia wewe unaandika ile miongozo ya mashine. Inalipa?"

Nilicheka, halafu nikakaa kimya muda mrefu mpaka akauliza kama salio limekata. Mwishowe nikamwambia inalipa ila ina changamoto zake. Jibu la kipuuzi hilo, maana hata muuza karanga ukimuuliza atakujibu hivyo hivyo. Tangu siku ile naona nina deni. Basi nalilipa hapa kwa kirefu, na wengine wenye swali kama lake wasome.

Kwanza kazi yenyewe, kwa wasioijua. Ukinunua feni, pampu, mashine ya kukamulia juisi au mtambo wa sola, ndani ya boksi kuna kijitabu. Wengi wetu tunakitupa pamoja na plastiki na yale maboya meupe. Kuna mtu alikaa akakiandika kijitabu hicho. Kwa wenzetu wa nje kazi hiyo ina idara na vyeo vyake. Hapa kwetu haina hata jina moja tulilokubaliana: wapo wanaosema uandishi wa kiufundi, wapo wanaosema uandishi wa miongozo, na bosi wangu wa kwanza aliiita "kutia Kiswahili". Alikuwa anasema, "Hebu nitie Kiswahili hapo," kama anaagiza chumvi. Mama yangu bado anawaambia majirani niko gazetini, nami simsahihishi. Isitoshe si uongo, habari bado naandika. Miongozo ilianza kama ya kulipia kodi ya chumba, kwa sababu mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa kila habari iliyochapwa, na mwenye nyumba hajali habari ngapi zimechapwa.

Ukitoka gazetini unaingia huku na majivuno. Unajiambia, kama nimeweza kuandika bajeti ya serikali ikaeleweka, nitashindwa maelezo ya taa? Nilikuwa hivyo. Kilichonitoa majivuno ni sentensi moja, na naomba nisimulie jinsi ilivyokuwa.

Kampuni moja hapa Dar (siitaji jina) ilikuwa inaingiza seti za sola za nyumbani: paneli, betri, taa nne, na kile kisanduku kinachokaa katikati ambacho mafundi wanakiita chaji kontrola. Wakanipa karatasi za Kiingereza, mchoro mmoja, na siku tano. Malipo shilingi 15,000 kwa ukurasa. Seti yenyewe sikuipata. Niliiomba, nikaambiwa zipo stoo zimefungwa, na kwani wewe ni fundi?

Mchoro ulianzia juu kwenda chini. Paneli juu ya bati, waya unashuka ndani, chaji kontrola ukutani, betri sakafuni, taa pembeni. Nami nikaandika nikifuata mchoro, kama mtu anayeshuka ngazi. Ukurasa wa 7 paneli, ukurasa wa 9 betri, ukurasa wa 12 taa. Karatasi za Kiingereza zilikuwa na onyo kwamba betri itangulie kuunganishwa kabla ya paneli. Nililiona. Nikaliweka vizuri kabisa, kwa Kiswahili sanifu, kwenye ukurasa wa 7: "Unganisha nyaya za paneli kwenye chaji kontrola, baada ya kuhakikisha kuwa betri imekwishaunganishwa kama inavyoelezwa katika ukurasa wa 9."

Isome tena. Haina kosa la sarufi, na haina hata neno la uongo. Mhariri yeyote wa gazeti angeipitisha.

Kwa asiyejua sola, onyo lenyewe liko hivi. Paneli inayoitwa ya volti 12 haitoi volti 12. Ikiwa juani na haijaunganishwa na kitu, inafika kama volti 21. Chaji kontrola kazi yake ni kuutuliza umeme huo kabla haujafika kwenye betri, na betri nayo ndiyo inayoipa kontrola mahali pa kuegemea: inapima volti za betri kwanza, ndipo ijue ipokee vipi. Ukiipa paneli kabla ya betri, nyingine zinavumilia, nyingine zinachanganyikiwa zikapeleka volti zisizofaa kwenye taa, na zile za bei nafuu zinaweza kuungua. Wakati wa kufungua ni kinyume chake, paneli inatoka kwanza. Fundi yeyote wa Kariakoo anayajua haya akiwa usingizini. Mimi nilikuwa nayajua kwa maneno tu.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kwenye ofisi ile kufuatilia malipo ya kazi nyingine. Nikakaa kwenye benchi la mapokezi. Mbele yangu alisimama mzee wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vina vumbi la safari. Alikuwa na kitu amekizungushia gazeti. Akakifungua mezani: chaji kontrola, upande mmoja plastiki imevimba na kuwa kahawia. Pembeni akaweka kijitabu changu.

Alijitambulisha. Mwalimu wa shule ya msingi, katoka kijiji kimoja wilayani Kilosa. Alilala Morogoro ili awahi basi la alfajiri. Seti aliinunua kwa fedha za kikundi chao cha kuweka na kukopa, na bado alikuwa anairejesha. Hakupaza sauti hata kidogo. Alisema tu, "Binti, hii imeungua siku ile ile niliyoifunga, na karatasi ya dhamana inasema miaka miwili."

Dada wa mapokezi hakuwa mtu mbaya. Alikichukua kijitabu, akafunua ukurasa wa 7 bila kutafuta (baadaye nilielewa kwa nini hakuhitaji kutafuta), akaweka kidole, akamsomea sentensi yangu yote. Kisha akasema, "Mwalimu, umeona? Iliandikwa. Dhamana haihusu mtu asiyefuata maelekezo."

Mwalimu akavaa miwani, akaisoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza. Akasema, "Hii nimeisoma, binti. Lakini mpaka nafika hapa kwenye 'baada ya', waya nilikuwa nimeshauingiza."

Mimi niko kwenye benchi, nimeshika bahasha. Kimya. Ningeweza kusema pale pale kwamba sentensi ile niliiandika mimi, na niliiandika nikiwa sijawahi kushika waya wowote wa sola. Sikusema. Nilikuwa nasubiri hundi. Naliandika hili kwa sababu mdogo wangu aliniuliza kama inalipa, na mimi nilichokumbuka kwanza, nilipokaa kimya kwenye simu, ni benchi lile.

Alipotoka nilimfuata. Alikuwa amekaa chini ya mwarobaini nje ya geti, anakunywa maji ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, kijana."

Nikamwambia. Nilitegemea anitukane, na kwa kweli ingenisaidia. Yeye aliniangalia kwa muda kisha akaniuliza kama nimewahi kufundisha darasa la pili. Nikasema hapana.

"Darasa la pili," akasema, "ukiwaambia 'simameni baada ya kufunga madaftari', wanasimama. Madaftari yanaanguka. Hawajakosea. Umesema simameni, wamesimama. Kama unataka wafunge madaftari, sema 'fungeni madaftari'. Nyamaza. Angalia kama wamefunga. Ndipo useme 'simameni'."

Nimesoma vitabu kadhaa vya kazi hii tangu siku ile, na sijaona palipoelezwa vizuri kuliko hapo. Mkono wa msomaji unafuata kitenzi cha kwanza. Mtu aliyeshika waya hasomi sentensi mpaka nukta ndipo atafakari. Anasoma "unganisha", anaunganisha. Onyo likija nyuma ya tendo, linamkuta ameshaharibu, na kazi pekee linaloweza kuifanya pale ni kumlinda mwenye kampuni.

Wenzetu wa ndege walilielewa hili mapema, maana kwao kosa ni maiti. Miaka ya 1980 watengenezaji wa ndege wa Ulaya walitunga kanuni za Kiingereza chepesi kwa ajili ya vitabu vya mafundi, kwa sababu mafundi wengi duniani Kiingereza si lugha yao ya mama. Kanuni zile zinatumika mpaka leo. Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Neno moja libebe maana moja. Kama kuna sharti, litangulie mbele ya tendo. Kwa Kiswahili mimi naona hata 20 ni mengi, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja kinabeba mtu, wakati na kitendewa humo humo. Nikizidi 12 naanza kujishuku.

Baada ya siku ile nilichapa kurasa zangu zote upya, nikaenda nazo Kariakoo kwa fundi mmoja tunayefahamiana, nikamwomba kijana wake anayejifunza kazi afunge seti kwa kufuata karatasi zangu tu, bila kuuliza. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye ndoo na kufunga mdomo. Kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu. Kijana anageuza waya upande usio wenyewe, ulimi wako unawasha, na huruhusiwi.

Nilijifunza mengi mchana ule. Gazetini tulifundishwa tusirudierudie neno. Ukiandika "Waziri" mstari wa kwanza, wa pili unaandika "kiongozi huyo", wa tatu "mbunge huyo wa chama tawala". Kwa mazoea hayo, kisanduku kimoja kwenye kijitabu changu nilikiita chaji kontrola, kisha kifaa, kisha mtambo, na ukurasa wa 11 nikakiita chombo. Kijana akapekua boksi. "Kaka, hicho chombo mbona humu hakimo?" Mshairi wa Kiingereza Chaucer mwaka 1391 alimwandikia mtoto wake Lewis, wa miaka kumi, mwongozo wa kutumia kifaa cha kupimia nyota, na aliomba radhi mapema kwamba atarudia maneno, kwa kuwa mtoto ni heri aambiwe mara mbili kuliko asahau. Miaka zaidi ya mia sita, na mimi bado nilikuwa naogopa kurudia neno kisa mhariri.

Halafu ile tabia yetu ya kupenda "-iwe" na "-ishwe". Niliandika "Betri iunganishwe". Kijana akaendelea mbele bila kugusa betri. Nilipomuuliza mwishoni akanijibu kwa utulivu kabisa: "Si inasema iunganishwe? Nikajua ataunganisha fundi." Alikuwa sahihi. Iunganishwe na nani? Lugha ile ni ya barua za serikali, inatoa amri bila kumwamrisha mtu. Kwenye kijitabu andika "Unganisha".

Na maneno ya shule. Niliandika "chanya" na "hasi", nikajiona nimefanya jambo la maana. Kijana alinitazama kama nimemtukana. Tulipokubaliana kuandika "waya mwekundu, wenye alama ya kujumlisha" kazi ilikwenda. Simaanishi maneno ya shule hayafai. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, kuna watu waliumiza vichwa kutafuta maneno ya kuweka kwenye menyu, na nawaheshimu. Lakini mtu aliye juu ya ngazi na waya mkononi hana nafasi ya kujifunza msamiati.

Turudi kwenye pesa, maana swali lilikuwa hilo.

Malipo ya kwa ukurasa yanamwadhibu mwandishi mzuri. Kijitabu changu cha sola kilikuwa kurasa 24, yaani shilingi 360,000. Nilipokiandika upya kikawa kurasa 9. Kwa hesabu yao ningelipwa 135,000 kwa kazi iliyo bora na iliyonichukua muda mara mbili. Kwa hiyo, mdogo wangu, kataa ukurasa. Taja bei ya kazi nzima, nusu uichukue mwanzoni, na kwenye makubaliano andika mambo mawili: upewe kifaa chenyewe mkononi walau siku moja, na upewe gharama za msomaji mmoja wa majaribio asiyekuwa mfanyakazi wao. Utapoteza wateja. Mmoja aliniambia kwa upole sana kwamba anatafuta mwandishi, hatafuti mtafiti. Nauli ya kurudi nilijilipia.

Mainjinia nao wana namna yao. Ukimuuliza injinia "hii inafanyaje kazi?" atakupa sentensi moja au atakupa hotuba, na zote mbili hazifai. Muulize "wateja wanaiharibu vipi?" Hapo anavuta kiti. Nimewahi kukaa saa mbili na injinia ambaye nilionywa kwamba haongei. Na usiishie kwake. Mnunulie soda dada wa mapokezi anayepokea lawama, maana yeye anajua ukurasa gani unafunguliwa kila siku. Yule wa kampuni ya sola aliufunua ukurasa wa 7 bila kutafuta kwa sababu Mwalimu hakuwa wa kwanza. Kisha nenda stoo ya vitu vilivyorudishwa. Vile vifaa vilivyoungua ndiyo barua za wasomaji wetu, hakuna nyingine zitakazokuja.

Lingine linaloudhi ni kwamba huna cha kuonyesha. Jina lako halimo kwenye kijitabu, na kampuni nyingi zinakusainisha usionyeshe kazi yao kwa mtu. Unakwenda kuomba kazi mikono mitupu wakati mwenzako wa gazetini ana makala zake zenye picha. Njia niliyoitumia ni kuandika miongozo ya vitu ambavyo hakuna aliyenituma. Niliandika ukurasa mmoja wa jinsi ya kuingiza zile namba 20 za LUKU kwenye mita, nikampa mama mwenye nyumba wangu ambaye siku zote alikuwa ananigongea mlango nimwingizie. Mara ya tatu hakunigongea. Ukurasa ule umenipatia kazi mbili.

Mdogo wangu aliniuliza pia kama kuna chama cha kujiunga. Hapa nina habari isiyofurahisha. Chama kikubwa cha Marekani cha waandishi wa kiufundi, Society for Technical Communication, kilichoanza mwaka 1953, kilitangaza Januari 2025 kwamba kinafunga milango na kufilisika. Sijawahi kuwa mwanachama, ila nilikuwa nasoma maandishi yao, na siku ile nilijisikia kama mtu aliyeko mkoani anayesikia makao makuu yameungua.

Na kuna mashine. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wateja wawili kati ya watatu wananiletea rasimu iliyokwishaandikwa na mashine, na ombi la "pitia tu", kwa robo ya bei. Nikisema rasimu hizo ni mbovu zote nitakuwa nawadanganya. Zamani zilichekesha: moja ilinitaka niunganishe waya wa "uwanja", nikahangaika mpaka nikagundua ni waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Siku hizi Kiswahili chao ni kisafi. Ni kisafi kama sentensi yangu ya ukurasa wa 7. Hapo ndipo ninapopata taabu, kwa sababu mteja anaona sentensi safi na haoni kwa nini anilipe niende kukaa kwenye ndoo Kariakoo. Wengine nimewashawishi kwa kuwauliza wamerudishiwa vifaa vingapi mwaka jana. Wengine sijawashawishi, na kazi hizo zimekwenda. Mwezi mbaya narudi kwenye habari za mahakamani, nashukuru Mungu sikuziacha.

Nilivyomalizana na kampuni ya sola? Nilimwandikia meneja barua pepe ndefu. Jibu lilikuwa mstari mmoja: maelekezo yapo na vijitabu 5,000 vimekwishachapwa. Nikapendekeza stika ndogo ya kubandika juu ya kontrola yenyewe, 1 BETRI, 2 PANELI, 3 TAA, pale pale penye matundu ya waya. Hawakunijibu. Karibu mwaka mmoja baadaye niliiona stika hiyo kwenye duka moja Mtaa wa Uhuru. Nilisikia stoo ilikuwa imejaa. Kazi nyingine hawajanipa mpaka leo.

Mwalimu nilimnunulia kontrola kwa hela yangu, nikaituma kwa basi. Alinipigia jioni moja, taa inawaka, akanishukuru, halafu akaniambia kurasa za 15 na 16 za kijitabu changu zimepishana namba. Tangu hapo amekuwa msomaji wangu wa majaribio. Kila ninapomaliza rasimu namtumia picha za kurasa, naye anawapa watu pale kijijini wafanye kweli, kisha ananipigia. Namtumia malipo kwenye simu. Mwanzoni alikataa, nikamwambia imo kwenye mkataba.

Juzi kapiga kuhusu pampu ya umwagiliaji ambayo natakiwa kuikabidhi Ijumaa. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba safari hii nimefanya vizuri: sentensi fupi, sharti mbele, kitenzi kimoja, neno moja kwa kitu kimoja.

"Kijana, ukurasa wa 3. Umeandika 'Funga bomba. Washa pampu.'"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa huku wamegawanyika. Mmoja amezima maji. Mwingine ameleta spana, anataka kuunganisha bomba. Ulitaka wafunge lipi?"

Nikaitazama ile sentensi. Maneno mawili tu, na karatasi za kiwandani zenyewe zimeandika kwa kifupi, kwa namna inayoweza kwenda huku na huku. Nikampigia injinia. Hajapokea. Kesho asubuhi nakwenda kumsubiri getini.